Chokoleti ya Njahi

Mama mkwe wangu aliingia nyumbani kwangu mtaa wa Majimbo, mjini Embu, akiwa amevaa kiatu kimoja. Kingine alikishika mkononi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe tangu vidoleni hadi kwenye kifundo, na kiondo chake kilikuwa kimebebwa na mume wangu, jambo ambalo nadhani lilimuuma kuliko kidonda chenyewe.

"Tangu lini mimi nikabebewa kiondo?" alisema, akakaa.

Ilikuwa mwanzo wa likizo ya Agosti, katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi kimu katika shule ya msingi, mume wangu alikuwa akifanya kazi Nairobi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama alitoka juu kule Meru, kwenye vilima vya chai, ambako alilima, akakama ng'ombe wake wawili na kubeba kila kitu mgongoni, kamba ya kiondo ikiwa imekaza kwenye paji la uso. Mimi ni wa Kiambere, huku chini kwenye ukame wa Mbeere. Kimeru chake na Kimbeere changu vilikutana nusu njia tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Tuligombana kwa Kiswahili pia.

Kidonda kilikuwa kwenye kidole gumba. Alijikata na jembe, akapaka majivu, akaendelea kulima, na wiki tatu baadaye kidole kikawa cheusi pembeni. Ndipo ikajulikana ana ugonjwa wa sukari. Daktari wa Embu alimpima, akamsafisha, akaandika vidonge, kisha akazungumza nasi bila kuzunguka. Sukari ishuke. Uzito upungue. Mafuta ya wanyama aachane nayo, na siagi, na jemu, na kila kitu kitamu. Akirudi baada ya wiki nne hali ikiwa vile vile, kidole kitakatwa.

"Na kidole kikianza kukatwa," alisema, "mguu huwa hauko mbali."

Tulipofika nyumbani Mama alinitazama kwa muda. Tulikuwa wawili tu, mume wangu alikuwa amesharudi Nairobi.

"Wakikata huu mguu," alisema, "nani atapanda kile kilima? Mnirudishe tu Meru mniweke jikoni ningoje."

Niliogopa sana siku ile, na mimi nikiogopa huwa nageuka mkali. Niliingia jikoni nikatoa sukari, jemu, siagi na samli, nikavipeleka vyote kwa jirani. Jioni nikamwekea Mama chai ya rangi isiyo na sukari, mboga, na kipande cha mkate mkavu wa ngano isiyokobolewa.

Aliutazama ule mkate kama mtu aliyeletewa barua ya mwingine.

"Mwalimu," alisema. Hakuwahi kuniita jina lingine. Katika miaka minne ya ndoa nilikuwa mwalimu tu, na nilijua kwa nini. Wake wa wanawe wengine waliitwa mama fulani, kwa jina la mtoto. Mimi sikuwa na mtoto wa kuitiwa. "Mwalimu, hii mkate utakula mwenyewe."

Nilidhani atazoea. Siku ya tatu nilipokuwa nafagia chumba chake, nilisogeza kiondo nikasikia kitu kizito kikigonga sakafu. Chini ya sufi zake za kusokota palikuwa na chupa ya chokoleti ya kupaka, ile inayotoka ng'ambo, ambayo mume wangu alikuwa akimletea kutoka maduka makubwa ya Nairobi. Ilikuwa imebaki nusu. Kijiko kilikuwa ndani.

Nilisoma karatasi yake nikiwa nimesimama pale pale. Sukari kwanza, mafuta pili, maziwa ya unga yakifuata. Kakao ilikuwa imewekwa kidogo tu, kama chumvi.

Nilitoka nayo hadi uani alikokuwa ameketi juani. Hakujifanya hamnazo. Alinyoosha mkono aichukue.

"Mama, hii itakukata mguu."

"Hiyo ndiyo kitu moja tamu nimebakisha. Mzee alikufa, meno yamekwisha. Mkate bila ya kupaka haipiti hapa." Akagusa koo.

"Na nikikutengenezea nyingine? Ya shambani, bila sukari, bila maziwa, bila mafuta ya kopo?"

Alicheka hadi mguu ukamuuma. Kisha akaniambia, kwa ile sauti anayotumia kununua ng'ombe: nikitengeneza kitu ambacho atakula mwenyewe bila kulazimishwa, chupa ile nitaitupa shimoni mbele yake. Nikishindwa, namrudishia na nisiongee tena habari ya chakula chake. Nikakubali. Miaka yote ile nilikuwa nimefundisha watoto wa watu kupika keki kwenye sufuria yenye mchanga. Sikuwa tayari kushindwa na chupa.

Nilianza na maharagwe, kwa kuwa yalikuwepo. Niliyachemsha, nikayaponda, nikatia kakao. Alionja kwa ncha ya ulimi.

"Hii imenuka githeri," alisema, akanirudishia kijiko.

Alisema kweli. Ilinuka githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha pamoja, na kwa rangi ilifanana na kitu nisichotaka kukiandika hapa. Nilikaa jikoni nimeshika tama, nikafikiria kila mbegu inayopandwa kati ya Kiambere na Meru. Kunde zina harufu. Ndengu ni za kijani. Mbaazi zina mchanga mdomoni. Nikabaki na njahi.

Kwa asiyezijua, njahi ni mbegu nyeusi, ngumu, zenye mstari mweupe ubavuni. Zikiiva vizuri zinakuwa laini na nzito, na ladha yake iko karibu na ya karanga iliyokaangwa. Zilikuwa ndizo hasa. Lakini njahi kwetu zina mwenyewe. Huyo ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Mtoto akizaliwa, wanawake wanapika njahi, wanaziponda na ndizi, wanampelekea mama ili apate damu na maziwa, na mama mkwe ndiye wa kwanza kutoa zake. Siku hizi kila mtu anazila, hata hotelini, lakini wanawake wa umri wa Mama hawakuwa na mzaha na jambo hilo. Nilishawahi kumsikia akimcheka jirani yake kule Meru aliyekula njahi mtoto wake wa mwisho akiwa tayari ana ndevu.

Kwa hiyo niliamua kumdanganya.

Muuzaji wa njahi pale soko la Embu alikuwa mama tuliyesali naye kanisa moja. Alinipimia kilo moja, akauliza nani amejifungua. Nikacheka bila kujibu. Aliliangalia sweta langu pale tumboni, na lilikuwa sweta kubwa kwa sababu ya baridi ya Agosti, kisha akaniongezea konzi mbili za bure. Nilishukuru nikaondoka. Akili yangu ilikuwa kwenye sufuria.

Chungu cha kwanza cha njahi kilikuwa kichungu kama dawa. Nilikuwa nimesahau kwamba yale maji ya kwanza humwagwa. Mama alionja akasema huo ni udongo wa kusiriba nyumba, na kwamba yeye nyumba yake ni ya mawe. Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Cha pili nilimwaga maji mara tatu. Halafu nilikaa na beseni nikamenya njahi moja moja, kwa sababu uchungu uliobaki ulikuwa kwenye ganda. Kumenya njahi ni kazi ya mtu aliyekasirika au anayependa, na mimi nilikuwa vyote viwili. Nilizitwanga kwenye kinu, nikazipitisha kwenye chujio la chai kwa mgongo wa kijiko hadi mkono ukafa ganzi. Mwalimu mwenzangu alikuwa na mti wa makadamia; nikakaanga kokwa zake chache, nikazitwanga mpaka zikatoa mafuta yake, hizo zikawa badala ya siagi. Kakao nikamimina bila ubahili.

Ikabaki utamu. Jumamosi nilikwenda Meru kuwaangalia wale ng'ombe wawili, na wakati wa kurudi nikapita mtaa wa Majengo, kwenye duka dogo karibu na msikiti, nikanunua tende. Muuguzi wa kliniki alikuwa amenionya kwamba tende pia ni sukari. Nikatia tano katika chupa nzima, nimezisaga na maji ya moto, na chumvi kidogo sana ili ulimi udhani zimo kumi.

Nilipoionja nikakaa chini. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, inashika kisu bila kung'ang'ania. Haikuwa ile ya ng'ambo, na sitatia chumvi kusema ilikuwa. Ile ya ng'ambo ni tamu kwanza, chokoleti baadaye. Hii yangu ilikuwa chokoleti kwanza, na utamu wake ulikuja taratibu ukiwa umeshameza.

Niliipaka kwenye mkate, nikamwekea Mama pamoja na chai, nikajifanya napanga vikombe.

Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akaendelea.

"Hii ni nini?"

"Maharagwe, Mama. Yale yale. Nimebadilisha upishi."

Alimaliza kipande. Akalamba kidole gumba cha mkono, akatazama sahani.

"Si ile," alisema.

"Si ile," nikakubali, nikiendelea kupanga vikombe.

"Leta ingine."

Nilimletea. Kisha nikamshika mkono tukaenda polepole hadi kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba, nikaitupa chupa ya ng'ambo na kijiko chake. Aliangalia ikiingia, akaguna, akageuka.

Basi ikawa kila asubuhi vipande viwili, na kila baada ya siku chache mimi niko sokoni kununua njahi. Muuzaji aliendelea kuongeza konzi zake na sikumuuliza kwa nini. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi na chupa mpya mkononi, kwa mazoea, mamake mwenyewe alimwambia airudishe alikoitoa. Niliingia jikoni nikacheka na ukuta.

Sisemi njahi peke yake zilifanya kazi. Vidonge alimeza kila siku, kidonda nilikiosha asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi, ugali ukapungua, sukari ya chai ikasahaulika. Lakini yote hayo aliyakubali baada ya kukubali ule mkate. Kabla yake alikuwa mtu anayengoja kukatwa. Baada yake alianza kuniuliza kidonda kinaonekanaje.

Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya kliniki wakati geti lilipogongwa, mchana. Nilikuwa jikoni na sufuria ya njahi imechemka kwa saa mbili, harufu imejaa uani. Wanawake watano wa kanisani waliingia wakiimba polepole. Mbele alikuwa muuzaji wa njahi. Mmoja alibeba chupa ya uji, mwingine blanketi dogo la manjano lililofumwa kwa mkono, mwingine kuku.

"Mbona ulinyamaza hivi?" muuzaji aliniambia, akinikumbatia na mwiko wangu. "Mimi nilijua kutoka ile kilo ya kwanza. Leo tumesikia harufu mpaka kwa barabara, nikawaambia, sasa amezaa. Mtoto ako wapi?"

Niliumia. Nilimtazama yule aliyeshika blanketi la manjano, nikaona jinsi alivyolifuma kwa makini, pindo kwa pindo, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwepo. Miaka minne walikuwa wananiombea bila kuniambia. Na nyuma yao, mlangoni, Mama alikuwa ameketi miguu juu ya kigoda, amesikia kila neno. Amesikia njahi.

Nikajua mambo mawili kwa pamoja: nimeaibika mbele ya watu, na sasa Mama hataugusa ule mkate tena. Zilikuwa siku nne tu.

Wanawake walikuwa wameshaanza kutambua. Uimbaji ulikufa. Mmoja alianza kuficha blanketi nyuma ya mgongo, na huko kuficha ndiko kulikonichoma zaidi.

"Mtoto ni huyu hapa," Mama alisema.

Tuligeuka wote. Alikuwa ameinua mguu wake wa kushoto, kitambaa na vyote, ameunyoosha mbele yetu.

"Huyu ndiye alikuwa anataka kutupwa. Mwalimu amemlisha njahi mwezi mzima na mimi sijui. Kujeni mumwone." Halafu akanigeukia. "Na wewe, usisimame hapo. Wageni wanakula nini? Paka mkate."

Wakacheka. Walicheka kwanza kwa sababu ya kutojua la kufanya, kisha wakacheka kweli, na mimi nikacheka nikilia, nikapaka mkate mzima. Waliula wote. Muuzaji wa njahi, ambaye maisha yake yote ameuza mbegu hizo, alikataa kabisa kuamini kilichokuwa mdomoni mwake, ikabidi nimwonyeshe kinu. Uji tuliunywa, kuku akaachwa uani. Blanketi dogo Mama alilichukua akajifunika mguu nalo, na hakuna aliyemwomba alirudishe.

Walipoondoka Mama aliniita karibu.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ningekwambia, ungekula?"

Alifikiria.

"Singekula."

"Basi, Mama."

"Usirudie," alisema. Kisha, akitazama sufuria: "Hiyo imebaki itatosha mpaka kliniki?"

Ilitosha. Siku ya kliniki daktari alifungua kitambaa, akainama, akakibonyeza kidole pande zote. Weusi ulikuwa umekauka na kuambuka, na chini yake palikuwa na nyama nyekundu, safi. Sukari ilikuwa imeshuka. Uzito ulikuwa umepungua hadi akarudia kumpima akidhani mizani imeharibika. Akauliza tumefanya nini. Mama alimwambia kwamba amekuwa akila chokoleti kila asubuhi, na akaniacha mimi nieleze.

Kidole hakikukatwa. Alikaa nasi mwezi mwingine hadi kikafunga, akarudi Meru na kopo lenye kakao na karatasi niliyomwandikia upishi kwa herufi kubwa. Nyumba ilikuwa tupu alipoondoka. Nilishangaa kumkosa mtu niliyegombana naye kila siku.

Alikuja tena Desemba, bila kutuma habari. Nilikuwa naanika nguo nikamwona anakuja kwenye ile barabara ya Majimbo, peke yake, amevaa viatu vyote viwili, kiondo mgongoni kimejaa hadi juu na kamba imekaza kwenye paji la uso. Nilikimbia nimpokee mzigo. Akakataa. Alitembea nao hadi ndani, akainama, akaushusha mwenyewe mezani, akafungua.

Zilikuwa njahi. Nyeusi, mpya, zimepepetwa hazina hata jiwe, za shamba lake mwenyewe.

"Hizi ni za mzazi," alisema. "Nimekuletea."

Nilidhani amesahau, au ameambiwa uongo na mtu. Nikakaa kitini. Nilimwambia taratibu, kwa sababu ilikuwa lazima mtu aseme, "Mama, mimi sijazaa."

"Umezaa," alisema. Akavua kiatu cha kushoto, akaweka mguu wake juu ya kiti mbele yangu, vidole vitano vyote. "Huyu hapa. Ametembea kutoka stendi mpaka kwako, na amebeba mzigo."

Kisha akaniambia, mwanangu, weka maji kwa moto, mimi nina njaa.

Nikaweka sufuria kubwa kuliko zote. Njahi zilipoanza kutoa harufu, nilifungua mlango wa mbele, nikafungua wa nyuma, nikafungua na madirisha yote, mtaa mzima usikie.